Msokoto Namba Kumi na Saba

Kila asubuhi ya likizo ile tulitoka nyumbani saa moja kasoro robo, mama mdogo mbele na mimi nyuma nikimalizia mkate wangu njiani. Alitembea kama mtu anayekimbizwa, ingawa hakuna aliyekuwa akimkimbiza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa amenikabidhi kwa mdogo wake kwa wiki nne kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, nyumbani hapakuwa na kitu nisichokishika. Mama mdogo hakuhitaji hata siku mbili kunipa jina. Aliniita Kiherehere, na jina likanikaa kama nguo niliyopimiwa kwa fundi.

Kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Lilikuwa jengo refu lenye paa la bati, vyumba vitano kwenye safu moja, na nyuma yake vishamba vya mahindi vilivyogawanywa kwa kamba. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama mdogo. Mle ndani mlikuwa na sinki la saruji lenye mabomba mawili, na moja halikuwa limetoa tone la maji tangu alipoanza kazi. Kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa bati, jokofu kuukuu lililonguruma mchana kutwa, na rafu iliyopakwa rangi nyeupe. Kwenye rafu hiyo ndiko ilikopangwa misokoto.

Acha niieleze misokoto, maana bila hiyo sina cha kusimulia. Unachukua karatasi nene na laini, unailowesha maji, unapanga punje kumi za mahindi kwenye mstari mmoja, unazifunika kwa karatasi nyingine, kisha unakunja yote pamoja kama anayekunja mkeka. Msokoto unausimamisha ndani ya ndoo yenye maji kidogo. Siku tano baadaye unaukunjua juu ya meza, na mizizi yote iko mbele yako, myeupe na safi, bila kuchimba wala kuosha udongo. Misokoto ilikuwa arobaini, na kila mmoja ulikuwa na namba yake iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huchuruzika.

Harufu ya karatasi ile iliyolowa ninayo puani mpaka leo. Nimekuwa mtu mzima, nimepita ofisi nyingi na madarasa mengi, lakini harufu ya karatasi mbichi ikinipata popote, narudi kwenye chumba kile cha mwisho. Najiona nimepiga magoti juu ya stuli, na namsikia mama mdogo akiniambia nisiegemee meza. Nakikumbuka chumba kile kuliko hata darasa nililosoma mwaka ule.

Mwenye utafiti alikuwa Daktari, mwanamke mrefu aliyezungumza polepole na kuvaa miwani iliyofungwa uzi shingoni. Hakuwa daktari wa watu. Alisomea mizizi ya mahindi kwa miaka mingi mpaka akapata cheo hicho, lakini mtaani habari zilifika nusunusu, kwamba kituoni kuna Daktari wa Mizizi. Basi watu wakawa wanakuja kutafuta tiba. Bibi mmoja alitaka dawa ya mgongo. Mwanamume mmoja alikuja na shavu limevimba, akagoma kuondoka mpaka apewe angalau mzizi wa kutafuna. Daktari alimpa kiti, akampa maji, kisha akamwelekeza zahanati. Mama mdogo alinisimulia haya tukiwa njiani, akicheka mpaka akasimama na kujishika mbavu, halafu akakumbuka saa na kuanza tena mwendo wake wa mbio.

Siku yangu ya kwanza, Daktari aliniwekea kioo cha kukuzia mkononi na kunionyesha mzizi mmoja. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona vijinywele vifupi, vyembamba kuliko uzi wa buibui, vimeuzunguka mzizi pande zote. Aliniambia vinaitwa vinyweleo, na kwamba hiyo ndiyo midomo ya mmea. Ndivyo vinavyopenya katikati ya chembe za udongo na kufyonza maji pamoja na chakula kilichoyeyuka humo. Kila kimoja ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi, ambayo imejirefusha. Nikamuuliza hiyo seli inajuaje kwamba ni zamu yake kujirefusha. Alitabasamu, kwa sababu lile ndilo swali lililokuwa limemhangaisha karibu nusu ya maisha yake.

"Ndani ya kila punje kuna maagizo," aliniambia. "Agizo moja huitwa jeni. Mmea huyarithi maagizo hayo nusu kwa baba na nusu kwa mama, kama wewe ulivyorithi. Sasa mfikirie mama yako asubuhi. Wewe fagia, wewe osha vyombo, wewe mdogo tulia hapo. Na kwenye ngozi ya mzizi ni vivyo hivyo. Jeni inaiambia seli hii iote kinyweleo, na ya jirani itulie."

"Na mama asipoamka?"

"Nyumba haifagiwi. Jeni hiyo ikiharibika, mzizi unakuwa kipara."

Mizizi vipara ilikuwepo kweli. Kwenye misokoto mingine niliiona, laini na mitupu, haina hata kinyweleo kimoja. Daktari aliihitaji, kwa sababu ukitaka kujua agizo linafanya kazi gani, angalia mmea uliolikosa. Kwa upande mwingine alikuwa na ukoo wa mahindi alioupenda sana. Miaka mingi nyuma mkulima mmoja alimpa konzi ya mbegu zake, mahindi yaliyosimama vizuri kwenye shamba lililochoka mpaka majirani wakashangaa. Daktari aliyapanda, akayachunguza, akagundua kwamba siri yao ilikuwa chini. Vinyweleo vyao vilikuwa virefu na vingi kuliko vya mahindi yoyote aliyowahi kuyaona. Kila mtoto wa ukoo ule alizaliwa hivyo, na hakukuwahi kuonekana kipara hata mmoja.

Sasa alikuwa ameuchanganya ukoo huo na vipara, akawa anahesabu wajukuu ili ajue ni agizo lipi linalorefusha vinyweleo. Misokoto mingi ilikuwa ya wajukuu hao. Msokoto namba kumi na saba ulikuwa wa ukoo wenyewe, haujachanganywa na chochote, na ndio uliokuwa kipimo cha mingine yote. Mimi nilijua namba hiyo ni muhimu, lakini mizizi yake sikuwahi kuiona. Vinyweleo nilivyovijua ni vile vifupi vya kwenye kioo.

Jambo jingine nililolijua lilimhusu mama mdogo. Alikuwa ameajiriwa miaka minane kabla kwa kufagia na kuosha chupa. Kidogo kidogo, kwa kuangalia na kuuliza, akajifunza kupakia mbegu kwenye bahasha, kuandika namba, kukunja misokoto na kusoma mizizi. Daktari alimwambia kwamba jaribio hili likifika mwisho bila punje kuchanganyika, atamwandikia barua kwa wakubwa ili awe fundi wa maabara, mwenye koti lake jeupe. Nyuma ya mlango mama mdogo alikuwa tayari ameshapigilia msumari wa kutundikia hilo koti. Msumari ulikuwa mtupu. Kila alipofunga mlango aliutupia jicho, na alidhani simwoni.

Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na mjadala. Osha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, mara mbili, kabla ya kugusa chochote. Usile chumbani. Na adui wa chumba kile ni ukungu. Ukungu ukiingia kwenye msokoto mmoja, alisema, wiki haijaisha umehamia ndoo nzima. Ukiona kitu cheupe usichokielewa, niite.

Jumatatu ya wiki ya tatu nilikuwa na karanga mfukoni. Nilikuwa nazitafuna nje, kwenye kivuli cha ukuta, nikaingia ndani nikiwa bado natafuna. Nikaona namba ya msokoto wa kumi na saba inafifia. Basi Kiherehere akafanya kazi yake. Niliutoa msokoto kwenye ndoo, nikaufungua kidogo ukingoni ili penseli ikae vizuri, nikaandika namba upya na kuurudisha. Mikono nilikuwa nimeifuta kwenye gauni tu. Nilikumbuka sabuni baada ya kumaliza, nikajiambia kwamba ni mara moja tu.

Jumanne asubuhi mama mdogo aliitwa shambani kufunga mifuko ya karatasi kwenye mabebe, yale mahindi machanga yanayoanza kutoka kwenye mmea, ili chavua ya mmea mmoja isiangukie mwingine. Aliniachia chupa ya kunyunyizia maji, akanionya nisiguse kitu kingine. Nilinyunyizia ndoo ya kwanza na ya pili. Nilipofika kwenye ule wa kumi na saba, mkono ukaniwasha. Nikaukunjua juu ya meza.

Mizizi yote kumi ilikuwa imevaa manyoya meupe, mazito, kama brashi ya kuoshea chupa.

Sikujiuliza hata swali moja. Nilijua kwamba huo ni ukungu, na kwamba nimeuleta mimi kwa mikono yangu ya karanga. Nilichungulia dirishani. Mama mdogo alikuwa hatua hamsini tu kutoka pale, kichwa kimezama katikati ya mahindi, na nilimsikia akiimba. Ningemwita, angenijibu kwa nusu dakika. Lakini kumwita kulitaka nianze na habari ya karanga, na karanga zilinikwama kooni.

Kwenye sinki kulikuwa na mswaki wa zamani, wa bluu, ambao mama mdogo aliutumia kusugulia mifuniko ya ndoo. Niliuchukua. Nikafungulia maji kidogo, nikaishika miche mmoja baada ya mwingine, nikaisugua mizizi kuanzia chini ya punje kwenda chini, taratibu, kama unavyomsugua mtoto masikio. Manyoya yalitoka yote. Mizizi ikabaki myeupe na safi. Nikaipanga upya kwenye karatasi, nikakunja, nikarudisha msokoto kwenye ndoo, nikaufuta hata unyevu uliokuwa mezani. Nakumbuka nilivyojiona mjanja, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi nikilikumbuka.

Saa nne Daktari akaja kusoma mizizi. Yeye alitazama na kutamka, mama mdogo aliandika daftarini. Walikuwa wamezoeana hivi kwamba walifanya kazi kama watu wanaosukana nywele, bila kuangaliana. Wa kumi na tano ulipita. Wa kumi na sita ukawa na vipara vitatu, na miche saba yenye vinyweleo. Daktari akaukunjua wa kumi na saba.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua kioo cha kukuzia. Mama mdogo akainua kichwa kutoka kwenye daftari.

"Vipara," Daktari alisema. "Vyote kumi."

Kalamu ya mama mdogo haikuandika. Daktari alieleza, kwa sauti ileile ya polepole, kwamba ukoo huu hauwezi kuzaa vipara kumi, haujawahi kuzaa hata kimoja. Kwa hiyo zile hazikuwa punje za ukoo huo. Zilichanganyika mahali fulani, na kama zilichanganyika kwenye bahasha hii, basi hakuna anayeweza kuapa kwamba zile nyingine thelathini na tisa ziko sawa. Hakupandisha sauti. Angefoka ningeona afadhali.

Nami ndipo nilipoelewa nilichokisugua. Nilisimama karibu na jokofu, nikisubiri mdomo wangu ufunguke. Haukufunguka.

Mama mdogo alitafuta kichwani, siku baada ya siku. Kisha akasema itakuwa ni yeye. Siku ya kupakia mbegu alikuwa na homa, na alikataa kwenda nyumbani kupumzika kwa sababu alitaka kumaliza. Alilitafuta kosa lake kwa moyo mmoja mpaka akalipata, na wala halikuwa lake. Daktari akasema kesho watatupa misokoto yote na kuanza upya na mbegu za akiba, ingawa baadhi ya wajukuu hawakuwa na akiba na ingebidi wapandwe tena shambani. Msimu mzima ungepotea. Kuhusu barua hakusema neno, na mama mdogo hakuuliza.

Mchana tulikaa kwenye ngazi ya nyuma. Mama mdogo alikata mkate wake vipande viwili, akanipa kile kikubwa. "Kula, mwanangu," aliniambia. Siku zote angesema Kiherehere funga mdomo utafune. Niliuangalia mkate, nikaangalia vidole vyake vilivyochubuka kwa miaka minane ya sabuni, na nikashindwa kuvumilia.

"Mama mdogo, ule wa kumi na saba haukuwa kipara. Niliusugua."

Aliacha kutafuna. Nikamwaga yote, karanga, namba iliyofifia, manyoya meupe, mswaki. Nilikuwa nalia, kwa hiyo mengine alinifanya niyarudie. Aliniuliza manyoya yalianzia wapi na kuishia wapi. Nikamwambia yalianza chini kidogo ya punje na kuishia karibu na ncha, na ncha yenyewe ilikuwa tupu. Akaniuliza kama nililiona jambo lolote kwenye punje au kwenye karatasi. Nikasema karatasi ilikuwa safi.

Alijishika kichwa kwa mikono miwili. Ukungu hauchagui, alisema. Ungekuwa umeanzia kwenye punje na kutambaa mpaka kwenye karatasi. Kinachoota kwenye mzizi peke yake na kuiacha ncha si ukungu. Zile zilikuwa nywele zenyewe, nywele ambazo Daktari alikuwa akizisubiri kwa siku tano.

Nilitegemea ainuke aende kumwambia Daktari. Aliinuka kweli, akakung'uta sketi, lakini alinishika mkono na kuniinua na mimi.

"Maneno haya ni yako. Siwezi kukubebea," alisema. "Nitakusindikiza mpaka mlangoni."

Akafanya hivyohivyo. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya Daktari, mimi nikaingia, na zile hatua nne za kufika kwenye meza yake zilikuwa ndefu kuliko njia yote ya kwenda nyumbani. Nilisema kila kitu. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatazama juu ya kichwa changu, kule alikosimama mama mdogo, halafu akanirudia mimi.

"Nataka kukuamini," alisema. "Lakini mtoto anayempenda mama yake mdogo anaweza kuja hapa akasema hivi, hata kama hajasugua kitu. Ungeniita asubuhi, ungenionyesha hizo nywele kwa macho yangu. Sasa umebaki na maneno matupu."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nilidhani ukweli ukishatoka mdomoni kazi yake imekwisha. Nilisimama pale nikiwa nimesema kweli tupu, na haikutosha.

Ndipo Daktari aliponiuliza kama niliisugua na ncha za mizizi. Nikasema baadhi labda, nyingine hapana, kwa sababu zilikuwa hazina manyoya. Aliinuka, akarudi nasi kwenye chumba cha mwisho, akaulowesha upya msokoto wa kumi na saba kwa mikono yake na kuukunja polepole sana. Alinieleza kwamba kinyweleo kikishang'oka hakirudi pale kilipokuwa. Lakini mzizi hurefuka kila siku kwenye ncha, na ile sehemu mpya inayozaliwa husoma maagizo yaleyale ya siku zote. Kama punje hizi ni za ukoo wa nywele ndefu, kesho tutaona. Kama ni za vipara, kesho pia tutaona. Misokoto mingine ikaachwa isubiri.

Siku ya pili sikula mkate. Nilitembea mbele, na mama mdogo nyuma, akinilalamikia kwamba namkimbiza. Daktari alikuwa ameshafika. Aliniambia niukunjue mwenyewe, lakini kwanza niende kwenye sinki. Niliosha mikono mpaka kwenye viwiko, nikarudia mara ya pili, na hakuna aliyenikumbusha.

Miche mitatu ilikuwa imekufa. Ncha zake zilikuwa zimegeuka kahawia pale mswaki ulipozikwaruza. Ile saba mingine ilikuwa imerefuka. Juu ilikuwa mitupu, kama nilivyoiacha, kama kichwa kilichopitiwa na wembe. Lakini chini, kwenye sehemu iliyokua usiku, kulikuwa na manyoya. Marefu, meupe, mengi, yamejipanga pande zote, na kila mzizi uliyaota mahali palepale, nyuma kidogo ya ncha, kwa kipimo kilekile.

Daktari alichukua chupa ya maji akanyunyizia mzizi mmoja. Manyoya yalilala, yakagandamana na mzizi mpaka usingejua kwamba yapo. Aliniambia niliangalie jambo hilo vizuri na nisilisahau, kwa sababu ukungu haulali hivyo, unabaki umetanda. Kisha akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Alicheka kwa sauti mpaka miwani ikamtoka na kuning'inia kwenye uzi wake, na mama mdogo akageukia ukutani akijifuta macho kwa kiwiko.

"Nisikilize," Daktari aliniambia alipotulia. "Jana ulisugua nywele. Agizo lililo ndani hukuligusa, na usingeweza kuligusa hata ungesugua mpaka jioni. Mambo ya kweli ndivyo yalivyo. Mtu anaweza kuyafuta kwa nje yakaonekana safi, na kesho yake yakaota palepale. Sasa mikono ya karanga ilikuwa kosa dogo, lingeisha kwa sabuni na maneno mawili. Mswaki ndio uliotaka kutumezea msimu mzima na kumchafulia mtu jina."

"Na siku nyingine ukiharibu, niite," mama mdogo aliongeza, bado ameuelekea ukuta. "Hata kama mdomo umejaa karanga, niite hivyohivyo."

Daktari alinipa kalamu na daftari, akanitaka niandike mwenyewe matokeo ya msokoto wa kumi na saba. Niliandika kwamba miche saba ina vinyweleo virefu. Nikataka kuishia hapo. Akaninyooshea kidole kwenye mstari uliofuata, nami nikaandika kwamba miche mitatu ilikufa kwa kusuguliwa na mimi. Aliniambia daftari la utafiti halina mahali pa kuficha kitu, na kwamba mstari ule ni mzuri kama ule wa juu yake. Adhabu yangu ilikuwa kuosha ndoo zote za chumba kile mpaka likizo iishe, na niliziosha, na naweza kusema sikuwahi kuziosha kwa raha kama ile.

Barua iliandikwa mwezi uleule. Niliporudi likizo iliyofuata, nilifungua mlango wa chumba cha mwisho nikaufunga kwa makusudi ili nione nyuma yake. Koti jeupe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Kwenye msumari huohuo, kwa kipande cha uzi, ulikuwa unaning'inia mswaki wa bluu. Niliulalamikia kwa miaka mitatu. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa, na kila aliposimulia mama mdogo alitia chumvi, mpaka karanga zikawa gunia na mizizi ikawa mia.

Siku zile zimekwenda. Daktari alistaafu, na ingawa hakulimaliza swali lake, mahindi yake ya nywele ndefu yalipata wakulima wa kuyapanda. Jengo lile limebomolewa, na mahali pa chumba cha mwisho sasa kuna jengo jipya lenye vioo. Mama mdogo mwenyewe magoti yanamsumbua, na siku hizi mimi ndiye ninayelazimika kupunguza mwendo tukitembea pamoja. Natamani mara moja tu nimwone mbele yangu tena, akikimbia bila kukimbizwa, na mimi nyuma na mkate wangu.

Mama mdogo alipostaafu alinikabidhi kifurushi kidogo kilichokunjwa kwenye karatasi nene, kama msokoto. Sikuhitaji kukifungua ili nijue kilichomo. Mimi ni mwalimu wa sayansi sasa, na mswaki ule unaning'inia ukutani darasani kwangu, juu ya meza ya kuoteshea mbegu. Wanafunzi wapya huniuliza ni wa nini. Huwaambia kwamba ni wa kusugulia makosa, na kwamba haufanyi kazi.